Vizibo vya sponji vya masikio: angalia tundu lako kwanza, namba ya kwenye boksi baadaye

Mbukwenyi wadau. Naandika hii saa tisa mchana, ndo nimeamka, huko nje fundi mageti anakata vyuma na grainda kama hatua 20 kutoka dirishani kwangu, nyuma ya ukuta mashine ya kusaga inanguruma tangu saa mbili asubuhi, na mimi nimelala masaa sita bila kushtuka. Mnaofanya shifti za usiku mnaelewa hiyo ni nini. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, narudi nyumbani saa moja na nusu asubuhi wakati mji ndo unaanza kuamka, na kwa mwaka mzima nilikuwa nalala vipande vipande, nusu saa hapa, dakika 40 pale, naamka macho mekundu kama nimetoka kutwanga pilipili.

Najua kuna mtu anasema moyoni, aah vizibo nishajaribu, vinauma, afu kelele bado unasikia. Hata mimi huo ndo ulikuwa wimbo wangu. Sasa kila nikikutana na mtu wa hivo namuuliza vilikuwa saizi gani, na yeye ananishangaa, kwani vina saizi? Vina saizi. Na ukikosea hapo hakuna kitu kingine utakachofanya kikusaidie, uwe umenunua vya bei gani.

Pea yangu ya kwanza niliipata kwenye duka la vifaa vya usalama kazini, yale yanayouza helmeti na vizibao vya kung'aa, tangu ujenzi ushamiri hapa mjini yako mengi. Nikamuuliza muuzaji vinanitosha kweli.

"Dada, hivi ni vya wote. Hata mafundi wa reli wanavaa."

"Na vya kulalia je?"

"Si sikio ni lile lile?"

Nikacheka, nikalipa buku yangu, nikaondoka. Boksi lilikuwa limeandikwa 33 kwa maandishi makubwa nikajua nimepata dawa. Asubuhi ile nikavisukumizia, baada ya lisaa sikio la kulia likaanza kuuma kwa ndani kama mtu anakubonyeza na kidole, na la kushoto kizibo kikawa kinajisukuma chenyewe polepole kinatoka, nikiamka nakikuta kwenye foronya. Nikavitupa mbali nikasema huu ni wizi. Kumbe sikio langu ni dogo, na la kushoto ni dogo kuliko la kulia.

Tundu la sikio la mtu mzima kwa wastani lina upana wa kama milimita 7 na urefu wa kama sentimita 2 na nusu, ila huo ni wastani tu, watu wanatofautiana sana, wanawake wengi tuna matundu madogo kidogo kuliko wanaume, na hata kwa mtu mmoja kushoto na kulia havilingani kila mara. Afu halijanyooka kama bomba, lina kona, limekaa kama herufi S iliyolala. Vizibo vyenyewe vingi vina upana wa kati ya milimita 10 na 14. Kwa hiyo piga hesabu, kitu cha milimita 13 unakibana kiingie kwenye tundu la 7, na kikishafika humo kazi yake ni kujaribu kurudi kwenye unene wake usiku mzima. Huko kujaribu kurudi ndo kunakoziba kelele, na ndo hukohuko kunakoumiza kikizidi. Kwa fundi anayevivaa lisaa limoja akikata vyuma si shida, wewe unataka kulala navyo masaa sita au nane, umelalia ubavu, kichwa kinakandamiza. Sikio ni lile lile kweli, ila kazi si ile ile.

Sponji yenyewe si kama ya godoro. Ile ya godoro ukiibonyeza inaruka palepale, hii inarudi taratibu, na ilipatikana Marekani mwaka 1967 kwenye kampuni ya National Research Corporation, timu ya Ross Gardner ilikuwa inahangaika na mambo ya kuziba maungio wakajikuta wana kitu kinachomeza mtikisiko. Ndo vikaja vile vya njano vya chapa ya E-A-R vilivyonyooka kama kipande cha chaki, mpaka leo vipo, vinauzwa na kampuni ya 3M. Huo utaratibu wa kurudi polepole ndo unakupa nafasi ya kukiviringisha kikawa chembamba, ukakiingiza, kikavimbia huko ndani.

Sasa ile namba ya kwenye boksi, inayosema kizibo kinapunguza kelele desibeli ngapi, yaani kile kipimo cha ukali wa sauti. Boksi la Marekani linaandika NRR, la Ulaya linaandika SNR, ni vipimo viwili tofauti, kizibo kilekile kinaweza kuwa na namba kubwa upande wa SNR na ndogo upande wa NRR, kwa hiyo usichukue boksi la huku ukalilinganisha na la kule ukasema hili kali zaidi. Na hiyo namba inapimwa maabara, mtu kavalishwa vizuri na anajua anachofanya. Mahali pa kazi huko Marekani wana njia ya kuipunguza, wanatoa 7 afu wanagawa kwa 2, yaani 33 inabaki desibeli 13. Ukiingiza kizuri unapata zaidi ya hapo, ukiingiza nusu unapata kidogo mno. Kwa hiyo kile cha 29 au 30 kilichokaa mpaka ndani kinampiga bao kile cha 33 kilichosimama mlangoni. Mfano mzuri ni vizibo vya chapa ya Howard Leight, ile Max yao ni NRR 33 na Max Lite ni 30, Lite ni nyembamba na haisukumi sana, na kwangu mimi hiyo ya 30 ndo inanipa ukimya, ile ya 33 inanipa maumivu.

Utajuaje saizi yako bila kipimo? Anza na earphone za simu, zile zenye raba laini za silikoni mwishoni, kwenye pakiti zinakuja saizi tatu. Kama wewe kwa kawaida unaweka ile ndogo kabisa ndo inakaa, tafuta vizibo vyembamba, vile vinavyoandikwa S au small au slim kwenye pakiti. Kama hata ile kubwa inachomoka ukitembea, wewe ni wa saizi ya kawaida kwenda juu. Haiko sahihi mia kwa mia lakini inakupa pa kuanzia, na ukiona kushoto unatumia raba tofauti na kulia basi hata vizibo utachanganya, hakuna sheria inayosema pea lazima ifanane. Mimi kulia natumia Max Lite, kushoto natumia kingine kidogo zaidi, rangi mbili tofauti kama mtu aliyevaa soksi gizani.

Usinunue boksi la pea 50 kabla hujajua. Nunua pea moja moja za aina tatu nne, iliyonyooka kama chaki, yenye ncha kama risasi, na yenye kitako kilichotanuka kama kengele. Iliyonyooka inasukuma sawa kote. Yenye ncha inaingia kirahisi kwenye tundu dogo. Ya kitako cha kengele ni rahisi kuitoa na inazuia isizame sana, ila ukilala ubavu hicho kitako kikikutana na mto utakichukia. Zile zenye kamba hapana, hizo ni za kiwandani zisidondoke, kitandani kamba inazunguka shingoni, sitaki hata kuifikiria. Na ya laini ni bora kuliko ngumu, bonyeza kwa vidole dukani, ikikataa kubonyea kwenye vidole ujue ndani ya sikio itakataa zaidi.

Haya, kabla hujasema saizi si yangu hakikisha umekiingiza, maana wengi tunaweka, hatuingizi. Mdogo wangu yuko hosteli pale UDOM, chumbani kuna jamaa anakoroma kama lori linapanda mlima, akaja kwangu Jumapili na vizibo mfukoni analalamika.

"Dada havizuii kitu."

"Hebu vaa nikuone."

Akachukua kizibo, akakibonyeza mara moja na vidole viwili kikawa bapa kama chapati, akakichomeka, akaachia. Kikabaki nje zaidi ya nusu, kimesimama kama antena. Nikamwambia mdogo wangu hapo hujaziba sikio, umelipamba.

Inafanywa hivi. Nawa mikono, hapa kwetu vumbi ni sehemu ya hewa, ukiviringisha na mikono michafu unalipeleka vumbi lote sikioni. Kausha. Chukua kizibo viringisha katikati ya kidole gumba na vidole viwili, anza taratibu bila kukandamiza afu ongeza nguvu kadri kinavyopungua, mpaka kiwe chembamba kama njiti nene, kiwe laini bila kunyanzi hata moja, maana kila kunyanzi ni mfereji wa kelele kupita. Ukiona kina mkunjo kiache kirudi uanze upya. Sasa mkono wa pili uzungushe juu ya kichwa, kama unaziba sikio la kulia basi mkono wa kushoto ndo unapita juu, shika sikio kwa juu livute kwenda juu na nyuma kidogo. Huko kuvuta ndo kunanyoosha ile kona niliyosema. Hapohapo kabla hakijavimba kiingize chote, afu weka ncha ya kidole nje kukizuia, hesabu polepole mpaka 30. Watu wanaachia kwenye 5, kizibo kikivimba kinajirudisha nje. Utasikia sauti ya dunia inafungwa kama mtu anapunguza redio, hiyo ndo dalili.

Mdogo wangu alivyofanya hivo akanyamaza, akaniangalia, midomo yangu inacheza yeye hasikii, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Vizibo ni vilevile alivyokuja navyo. Kwa hiyo yeye saizi haikuwa na shida, mkono ndo ulikuwa na shida.

Ukishavaa jikague. Kwenye kioo mwisho wa kizibo uwe sawasawa na mdomo wa tundu au ndani kidogo, usichungulie nje kupita kile kinyama kinachochomoza mbele ya tundu. Afu washa kitu chenye kelele isiyobadilika, feni inatosha, ziba masikio yote na viganja juu ya vizibo, achia, ziba, achia. Kama kelele inapungua sana ukiziba na viganja basi kuna pa kuvuja, toa uanze tena. Kama haibadiliki sana umepatia. Fungua na ufunge mdomo, tafuna hewa. Tundu la sikio linabadilika umbo taya likicheza, kizibo kidogo mno kinaachia hapo, unasikia kelele inaingia inatoka kama mlango usio na komeo.

Mtihani wenyewe ni kulala nacho. Ukitoa kizibo asubuhi kiangalie palepale kwa sekunde chache za mwanzo kabla hakijarudi, kitakuwa kimebaki na umbo la tundu lako. Kama sehemu kubwa ya urefu imebonyea na iko laini, kilikaa vizuri. Kama imebonyea ncha tu basi kililala mlangoni. Kama ina mifereji kilivuja. Na kama karibu hakijabonyea kabisa ni kidogo kwako, hakikuwa kinagusa. Mimi hili ndo lilinifungua macho, maana kile cha kushoto nilichokuwa nakikuta kwenye foronya nilidhani kinadondoka kwa sababu ni kidogo, kumbe ni kikubwa, hakikuingia kamwe, kilikuwa kimebonyea ncha ya milimita chache basi, tundu linakitema. Kwa hiyo kizibo kinachotoka chenyewe usikimbilie kikubwa zaidi, jaribu kidogo kwanza.

Maumivu nayo yana lugha yake. Ukihisi kimejaa dakika kumi za mwanzo afu unasahau, hiyo ni ugeni tu, usiku wa tatu wa nne inaisha. Ukianza salama afu baada ya lisaa au mawili inauma pande zote kwa ndani, ni kikubwa au kigumu, teremka saizi. Ikiuma nje tu upande uliolalia, hiyo si saizi, ni mto unakandamiza mwisho wa kizibo. Hapo unaweza kupunguza na mkasi mkali mwisho wa nje kidogo sana, milimita mbili tatu, ila ubaki na pa kushika, usije ukakata katikati kikazama ukaanza kutafutana na watu wa hospitali. Dawa yangu ya ubavu lakini ni ngata. Ndio, ngata ya kubebea ndoo. Chukua khanga iviringishe duara, iweke juu ya mto, sikio liingie kwenye shimo la katikati. Bibi yangu kule Manyoni angeniona angeuliza ndoo iko wapi.

Kiangazi hasa Juni na Julai usiku unakuwa baridi na sponji inakuwa ngumu, inachelewa kuvimba, basi ishike kwanza kiganjani ipate joto na ukishaiingiza ishikilie kwa kidole muda mrefu zaidi. Miezi hiyohiyo ndo upepo wa Dodoma unapiga mabati usiku kucha, kwa hiyo utaihitaji.

Usitegemee ukimya wa kaburi. Besi ya spika za baa inapita ukutani, kitandani, kwenye mifupa ya kichwa, hakuna sponji inayoizuia yote. Kinachokufa ni makali, grainda inabaki kama nyuki aliye mbali, jogoo anabaki kama amefungiwa ndani ya debe. Adhana ya alfajiri siku nikiwa ofu bado naisikia kwa mbali na ndo saa yangu ya kugeuka upande. Kitakachokushangaza usiku wa kwanza ni sauti zako mwenyewe, unasikia unavyomeza mate, unasikia moyo. Hiyo inapungua kizibo kikiingia ndani zaidi, watu wanafanya kinyume, wanakitoa nusu, inazidi.

Kukitoa usivute kwa nguvu, kimeshika kama kifuniko cha chupa, ukikinyofoa ghafla ngoma ya sikio inavutwa. Kizungushe taratibu hewa iingie, afu vuta. Vitunze kwenye kikopo kikavu, si mfukoni na funguo na karanga. Mimi pea moja siku tatu nne naitupa, vingi vimetengenezwa vya kutumia mara moja, na ukiona sponji imekuwa ngumu, imeshika nta, au hairudi unene wake hiyo imeisha kabisa. Na jamani, pamba na karatasi ya chooni si vizibo, kelele zinapita kama hakuna kitu na kipande kinabaki huko. Nta pia usiichokonoe na njiti wala kifuniko cha kalamu wala ufunguo wa pikipiki, inajisogeza nje yenyewe, ukichokonoa unaisukuma ndani na kizibo kinakuja kuishindilia. Kama sikio linatoa maji au usaha, linawasha sana, au uliwahi kuambiwa ngoma imetoboka, usivae chochote, nenda kamuone daktari wa masikio kwanza.

Swali ninaloulizwa sana ni utaamkaje. Simu naiweka kwenye vaibresheni ndani ya foronya, inatetemesha mto mzima, haijawahi kuniangusha. Ukiwa na mtoto mchanga au unalala peke yako nyumba isiyo na geti vaa sikio moja tu, la pili liache wazi usikie. Jirani yangu mama wa watoto watatu ndo anafanya hivo, na mumewe zamu yake ikifika anavaa yote mawili halafu anajifanya hakusikia mtoto. Hilo sina saizi yake.